Hesabu za Sofia Zasomwa Morogoro

Hosiana aliporudi kutoka Bulgaria alikuwa na masanduku mawili, moja la nguo na jingine la vitabu. La nguo alilibeba mdogo wake. La vitabu alilibeba mwenyewe kutoka barabarani Gairo hadi nyumbani kwa baba yake, akipumzika kila baada ya nyumba chache, maana hakutaka mtu mwingine aliangushe. Baba yake, mkulima wa mahindi na karanga, alifungua kitabu kimoja, akakigeuza juu chini, akauliza kama ni Kiarabu.

"Ni Kibulgaria, baba. Herufi zao zinafanana na zetu lakini hazisomwi kama zetu. Hii P ni R. Hii H ni N."

"Sasa jina lako wewe wanaliandikaje?"

"Linaanza na X."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Serikali ilinichukulia Hosiana, imenirudishia X!"

Mwaka ule wa themanini na tatu alipangiwa kazi mjini Morogoro, kwenye ofisi ya usanifu ya kampuni moja ya umma ya ujenzi. Ilikuwa ofisi ya chumba kirefu chenye meza za kuchorea, na madirisha yaliyotazama milima ya Uluguru. Nchi yetu wakati ule ilikuwa na marafiki wengi, na kila rafiki alitusomeshea watoto kwa vitabu vyake. Mmoja mle ofisini alisoma Moscow, mwingine India, Hosiana Sofia, mji mkuu wa Bulgaria. Mkuu wao, Mzee Mikidadi, mtu wa Kilosa, alisoma Nairobi kisha Uingereza. Alikuwa mpole, hakupaza sauti, na kila alipokuwa akifikiri aligonga penseli kwenye meno.

Kazi ya mhandisi wa majengo, ukiitazama kwa mbali, ni moja tu popote duniani: kujua jengo litabeba uzito gani, kisha kuamua unene wa zege na wingi wa nondo. Lakini hakuna mhandisi anayechukua uzito ule kama ulivyo. Huuzidisha kwa namba ya tahadhari, ili watu wakijazana kuliko ilivyotarajiwa, au fundi akikosea kidogo, jengo lisianguke. Na hapo ndipo nchi zilipoachana. Kila moja ilikuwa na namba zake, alama zake, na mtiririko wake wa kuandika.

Kazi ya kwanza aliyopewa Hosiana ilikuwa ghala la pamba. Aliifanya kwa mapenzi, akajaza kurasa kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, akaipeleka kwa Mzee Mikidadi. Mzee alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akagonga penseli kwenye meno.

"Binti yangu," alisema, "sisemi kwamba umekosea. Ila mimi siweki sahihi kwenye kitu nisichoweza kukisoma."

Akairudia kazi yote mwenyewe kwa njia ya Kiingereza, tangu mwanzo, akaiwekea sahihi. Hesabu za Hosiana zikaingia kwenye droo. Ikawa hivyo na kazi ya pili, na ya tatu. Baadaye mzee akachoka kurudia, akawa anampa ngazi, vyoo na kuta za uzio, vitu ambavyo havihitaji maelezo mengi. Wenzake walimtania kwamba anapiga "hesabu za Sofia". Hosiana hakugombana na mtu. Aliporudi nyumbani Kihonda alimwambia mumewe, Evance, fundi mitambo aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha Mzinga, kwamba afadhali angeambiwa amekosea.

"Aliyekosea amesomwa," alisema. "Mimi hakuna mtu aliyefika ukurasa wangu wa mwisho."

Miaka ikaenda namna hiyo. Kisha yakaja mabadiliko ya uchumi, na makampuni ya umma yakaanza kupunguza watu, moja baada ya jingine. Katikati ya miaka ya tisini ofisi ile ikafungwa. Mzee Mikidadi aliwapa wote mkono mlangoni, akamwambia Hosiana, "Usiache kazi hii," akaondoka kwenda kupumzika kwake Kichangani. Meza za kuchorea zilinadiwa. Hosiana alinunua moja, akaiweka sebuleni, watoto wakazoea kulia chakula kandokando yake.

Kazi zilikuwepo, kwa kweli zilikuwa nyingi kuliko zamani. Biashara huria ilikuwa imeamsha kila mtu. Dumila, pale njia panda, maduka yalikuwa yanaota ghorofa na nyumba za wageni zinaongezeka kila msimu wa mavuno. Wenye majengo walimfuata Hosiana kwa ajili ya ramani ya kupeleka halmashauri, basi.

"Mama, hayo mahesabu ya nini?" walimwambia. "Fundi anajua."

Yeye aliyafanya vilevile, akayabana nyuma ya ramani, akijua hakuna atakayeyafunua.

Hapo ndipo akaja Padri Bonifasi. Parokia yake ilikuwa juu kabisa, kupita Mgeta, ambako watu wanalima kabichi na karoti kwenye miteremko iliyosimama kama ukuta. Akina mama wajawazito wa huko walikuwa wakibebwa kwenye machela kuteremshwa bondeni, na si wote waliofika. Padri alitaka kujenga wodi ya wazazi. Shirika moja la kanisa huko Ulaya lilikuwa limeahidi kusaidia, ila lilitaka ramani na hesabu za mhandisi. Palihitajika kuuchonga mlima na kujenga ukuta mrefu wa kuzuia udongo nyuma ya wodi.

Hosiana hakuwahi kupewa kazi kama ile. Aliifanya kwa miezi. Padri akaituma. Ikarudi.

Alikuja nayo mwenyewe hadi Kihonda, akaketi kwenye kochi na soda mkononi bila kuinywa.

"Hawajakataa, Injinia," alisema. "Mkaguzi wao anasema hana sababu ya kusema ni makosa. Ila hana pia sababu ya kusema ni sahihi. Ameshindwa kufuatilia."

"Kwa hiyo hakusoma, Baba."

"Ameshindwa kusoma."

Hosiana aliinamisha uso. Padri hakujua alichokuwa amekigusa, akaendelea kueleza. Nchi za Ulaya, alisema, zilikuwa zimeanza kuacha kila moja kanuni zake na kuingia kwenye kanuni za pamoja za usanifu wa majengo, ili mhandisi wa nchi moja aweze kukagua kazi ya mwenzake wa nchi nyingine. Wafadhili walitaka na wahandisi wa huku wazijue. Palikuwa na mafunzo yanaanza hapahapa mjini.

Padri alipoondoka, Hosiana alimwambia Evance kwamba haendi. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Alikwishasoma. Angekwenda kukaa darasani aambiwe tena kwamba alichokijua sicho?

Evance alikuwa anamenya chungwa. "Kule kazini mimi nimebadilishiwa mashine mara ngapi?" aliuliza. "Kila ikija mpya najifunza upya kuiwasha. Chuma ni kilekile. Nenda."

Akaenda. Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa mikutano wa kanisa, karibu na Kilakala. Walikuwemo wahandisi, mafundi sanifu na wakandarasi kutoka sehemu mbalimbali. Alipoingia tu, akamwona mtu mwenye kofia ya kufuma ameketi safu ya mbele, nywele za kisogoni zimekuwa nyeupe zote, anagonga penseli kwenye meno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu! Na wewe umekuja kuanza darasa la kwanza?"

Alikuwa amechoka kupumzika, alisema. Watu bado walimletea kazi, na kanuni za Kiingereza alizozijua zilikuwa zinaelekea kuwekwa kando na Waingereza wenyewe. Hosiana akaketi safu ya nyuma, mbali naye.

Mkufunzi alikuwa msichana wa Kiluguru aitwaye Irene, mtoto wa wakulima wa mboga wa huko huko Mgeta, aliyesomea Ubelgiji. Alikuwa bado hajafika miaka thelathini na mitatu. Kabla ya kushika chaki alizunguka ukumbi mzima kuwaamkia wakubwa zake mmoja mmoja, na kila alipotaka kumsahihisha mzee alianza na "samahani baba". Wazee walimpenda kwa hilo, ingawa alikuwa hasamehe kosa hata moja.

Siku ya kwanza alifunua sura ya mizigo inayobebwa na jengo. Palikuwa na sehemu nzima juu ya theluji juu ya mapaa. Ukumbi ukacheka.

"Hiyo tuwapelekee Kilimanjaro!" mmoja akasema.

Irene alicheka nao, kisha akaeleza. Kitabu ni kimoja, alisema, lakini kimeacha nafasi wazi. Kila nchi hujaza namba zake mwenyewe: theluji yake, upepo wake, matetemeko yake. Mreno hatumii theluji ya mtu wa Ufini. Njia ya kuhesabu ndiyo ya pamoja.

Hosiana akanyoosha mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Na za kwetu nani amezijaza? Upepo wa Uluguru, udongo wa Mgeta?"

Irene akaweka chaki mezani. "Hakuna, mama. Bado."

"Basi tutumie za nani?"

"Utachagua wewe, kwa kupima na kwa busara yako. Halafu uandike umechagua nini na kwa nini, ili anayesoma ajue."

Maneno hayo ya mwisho Hosiana alirudi nayo nyumbani. Tangu Sofia alikuwa akihesabu ili apate jibu. Hakuwahi kufikiri kwamba hesabu huandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, mtu usiyemjua, aliyeketi mahali usipopajua.

Siku zilivyokwenda aliona kwamba kanuni zile mpya hazikuwa ngeni kama alivyoogopa. Fikra zake nyingi alikwisha kukutana nazo Sofia akiwa na miaka ishirini. Alama ndizo zilizobadilika. Akaanza kuiandika upya kazi ya wodi, kifungu kwa kifungu. Mwisho wa mafunzo ulipokaribia, Irene alisema kila mtu ampe mwenzake kazi yake aikague, na akawapanga wawili wawili. Hosiana akapangwa na Mzee Mikidadi.

Alimpa karatasi zake siku ya Ijumaa bila kumtazama usoni. Jumamosi alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Jumapili kanisani hakusikia mahubiri. Jumatatu mzee akaja, akavuta kiti safu ya nyuma, akavaa miwani, akazipanga zile karatasi mezani.

"Hapa umekosea," alisema.

Hosiana akahisi uso wake unapata moto. "Wapi?"

"Nguvu ya zege. Wanaandika ishirini na tano, mkwaju, thelathini. Wewe umechukua thelathini."

Akaangalia. Ilikuwa kweli. Wazungu wa kanuni zile huandika namba mbili kwa zege moja. Ya kwanza ni ya kipande cha zege cha mviringo mrefu kama kopo. Ya pili ni ya kipande cha mchemraba, kama tunavyopima huku na kama alivyozoeshwa Sofia. Zege ni lilelile, ila mchemraba hutoa namba kubwa zaidi. Vitabu vya mahesabu yale vinataka ile ndogo. Ukichukua kubwa unajidanganya kwamba zege lako ni imara kuliko lilivyo. Na kosa lile lilikuwa limeshuka naye kutoka ukurasa wa nne mpaka ukutani.

"Ukuta ungeanguka?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sidhani. Ungechoka mapema. Ongeza unene kidogo, au nondo."

Alizivuta zile karatasi kwake apate kuona mahali penyewe. Ndipo akaona alama. Kila mstari aliokubaliana nao, mzee alikuwa ameuwekea vema ndogo ya penseli. Ukurasa wa nne, wa tano, wa sita. Akafunua mpaka mwisho. Chini kabisa, baada ya mstari wa mwisho, palikuwa na vema.

"Mzee, umesoma yote?"

"Yote. Nimemfanya mke wangu akose harusi ya jirani." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Una njia nzuri ya kufikiri. Hurukiruki. Ningalijua hivyo tangu siku zile..."

"Nilikuletea, mzee."

"Uliniletea. Sikuweza kusoma, na sikukuomba unifundishe kusoma. Nilikuwa mkubwa wa ofisi."

Hosiana aliona machozi yanamjia, akajifanya anatafuta penseli chini ya meza. Alipoinuka alikuwa amejitengeneza.

"Na mimi nimekukagua," akasema, akatoa kazi ya mzee, kivuko cha waenda kwa miguu cha kupita juu ya mto. "Nusu umetumia namba za tahadhari za Ulaya, nusu za Uingereza. Hapa na hapa."

Mzee akazitazama. Akagonga penseli kwenye meno. "Lakini kitasimama?"

Irene alikuwa amesogea nyuma yao. "Kitasimama, baba," alisema. "Samahani, lakini kivuko chako kina uraia wa nchi mbili, na sheria hairuhusu."

Walicheka wote watatu mpaka watu wakageuka.

Mafunzo yakaisha, vyeti vikatolewa, pilau ikaliwa. Lakini Hosiana hakuwa na amani na jambo moja. Namba ya udongo aliyoitumia kwenye ukuta wa wodi aliitoa kitabuni, na kitabu kile kiliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuiona Mgeta. Alimwomba Mzee Mikidadi wapande pamoja. Irene akasema anakwenda nao, kwani alikuwa hajamwona mama yake tangu Pasaka.

Gari la parokia liliwapandisha mpaka pale barabara ilipochoka, wakamalizia kwa miguu, mzee akisimama kila kona kusifia mandhari ili apate pumzi. Mama yake Irene, Yuliana, aliwapokea kwa viazi na chai ya maziwa. Kesho yake vijana wa parokia walichimba mashimo matatu pale wodi itakapokaa. Ulikuwa wakati wa kiangazi, vumbi tupu. Lakini shimo la juu, lilipofika kina cha kifua, udongo ukaanza kung'aa, na baada ya muda maji yakajikusanya chini, taratibu.

"Kiangazi hiki!" alisema Mzee Mikidadi.

"Milima hii haikauki, baba," Irene akajibu. "Ndiyo maana tunalima mwaka mzima."

Hosiana aliteremka mwenyewe shimoni. Alifinyanga ule udongo mkononi, akaupaka kwenye kiganja, akaunusa. Hesabu yake ilikuwa imefikiria udongo mkavu nyuma ya ukuta. Udongo wenye maji husukuma zaidi, na maji yasiyo na pa kutokea husukuma kuliko udongo wenyewe. Waliketi pale ukingoni wakabishana kwa muda. Mzee alitaka ukuta mnene zaidi. Hosiana alitaka maji yapewe njia: kokoto nyuma ya ukuta, na matundu ya bomba ya kuyatoa nje. Mwishowe walichukua vyote viwili, kila kimoja kwa kiasi, wakabeba mfuko wa udongo kwenda kuupima maabara mjini.

Kazi ikaandikwa upya. Mwanzoni kabisa Hosiana aliweka maelezo ya udongo ule, namba aliyoichagua na sababu yake. Mwishoni zikawekwa sahihi mbili, yake kama msanifu na ya Mikidadi kama mkaguzi.

Jibu halikuchelewa. Mkaguzi wa Ulaya alikuwa amekubali, ila aliuliza jambo moja, kuhusu nafasi kati ya matundu yale ya maji. Padri alipomsomea swali hilo, Hosiana alifurahi kuliko alivyofurahia kukubaliwa. Mtu aliyeuliza hivyo alikuwa amefika ukurasa wa mwisho.

Wodi ilijengwa. Saruji ilipandishwa kichwani kutoka pale lori lilipokomea, akina mama kwa vijana, wakiimba. Agustino, fundi mkuu wa waashi, alilalamika kwamba ukuta mzuri namna ile hauachwi na matundu kama chekeche. Hosiana alimweleza mara moja, akamweleza tena, na mara ya tatu alimchorea kwa kijiti chini. Masika yalipofika, Agustino ndiye aliyemtumia Hosiana salamu kupitia kwa Padri: matundu yanatema maji mchana na usiku, na ukuta umetulia.

Mwaka uliofuata Irene alimwita Hosiana amsaidie kufundisha. Alianza kwa woga, akisaidia tu pale Kiingereza kilipowakwamisha watu, kueleza kwa Kiswahili. Baadaye akapewa sura nzima, kisha akapelekwa Dodoma na Iringa kufundisha mwenyewe. Darasani huwa kuna walimu wa vyuo, na vijana waliosoma India na China, na mafundi sanifu wa halmashauri. Si wote wanaomaliza wakiwa wameelewa. Wengine huja kwa ajili ya cheti, na wenye majengo wa Dumila bado hawafunui hesabu.

Na zile nafasi zilizoachwa wazi kitabuni bado ziko wazi. Yeye na Mzee Mikidadi, ambao sasa wana ofisi moja ndogo Mji Mpya, kila mmoja ana namba yake ya upepo wa Uluguru. Mzee anaona ya Hosiana ni ya mtu mwoga. Hosiana anaona ya mzee ni ya mtu ambaye hajawahi kuezuliwa bati. Hubishana juu yake karibu kila wiki, wakinywa chai, kila mmoja na kazi ya mwenzake mkononi, na mpaka leo hawajakubaliana.